Tableti ao kompyuta: kazi nzima ya biro inaweza kuingia ndani ya masini ya mkononi?

Siku hizi, kunako maduka ya katikati ya mji wa Lubumbashi na hata upande wa soko la Kenya, tableti inauzwa pamoja na klavie yake, kipanya chake na mfuko wake. Muuzaji anaifungua, anasimamisha skrini, anachomeka klavie, na mbele ya macho yako inafanana kabisa na laptop ndogo. Neno linalofuata karibu kila mtu amelisikia: hii ni sawa na ordinatere, ila bei yake iko chini.

Wanaonunua ni wanafunzi wa UNILU, walimu, watumishi wa mashirika, mawakala wa forodha, na vijana wenye kufungua biro ndogo ya kuandika na kupiga fotokopi. Wengi wao wananunua masini moja tu, kwa miaka mingi. Ulaya mtu anaweza kuwa na simu, tableti na laptop, kila kimoja kwa kazi yake. Hapa kwetu anachagua kimoja, na akichagua vibaya hakuna cha pili nyumbani.

Njo maana swali hili, ambalo kwingine ni mabishano ya wapenzi wa teknolojia, kwetu ni swali la mkate: je, tableti inapaswa kufungua programu kamili za kompyuta, zile za kazi ya kweli, ao ibaki chombo cha kusoma, kuangalia video na kujaza fomu?

Jibu letu ni kwamba mwenye tableti anapaswa kupewa nafasi hiyo, kwa sababu kinachomzuia mara nyingi si uzaifu wa masini. Lakini nafasi hiyo haitageuza tableti ya bei ya chini kuwa kompyuta, na anayepaswa kujibu swali hili wa kwanza ni yule anayegawa tableti kwa watumishi wake, mbele ya yule anayeinunua kwa feza zake.

Mambo mawili watu wanachanganya

Tuanze kwa kutenganisha maneno, kwani biashara inachuma faida ndani ya mchanganyiko huu.

Kuna tableti yenye kuonyesha programu zake kwa namna ya kompyuta: madirisha mengi kwa skrini moja, kipanya, mstari wa chini wenye alama za programu. Samsung ilileta kitu cha namna hii mwaka 2017, jina lake DeX, kwanza kwa simu, kisha kwa tableti. Kinasaidia sana. Lakini ndani ya madirisha yale mnabaki programu zilezile za simu. Excel inayofunguka pale ni Excel ya simu, hata kama dirisha lake ni kubwa.

Na kuna tableti yenye kufungua programu zenyewe za kompyuta, bila kupunguzwa. Tableti za Windows, kama Surface Pro ya Microsoft iliyotoka mwaka 2013, ziko katika kundi hili. Ile ni kompyuta kamili iliyovaa mwili wa tableti, na bei yake pia ni ya kompyuta kamili.

Anayeuza mara nyingi anaonyesha kundi la kwanza na kuahidi kundi la pili.

Microsoft yenyewe ililipa kwa kuchanganya haya mawili. Mwishoni mwa mwaka 2012 ilitoa tableti iliyoitwa Surface RT. Sura yake ilikuwa Windows, jina Windows, ila ilikataa programu za zamani za Windows ambazo watu walikuwa nazo kazini. Wanunuzi walikosa. Mwezi wa saba 2013 kampuni ilitangaza kwamba imepoteza dola milioni 900 katika hesabu zake juu ya tableti zile. Mtu hakatai masini kwa sababu ni ndogo. Anaikataa pale inaposhindwa kufungua kazi aliyokuwa nayo jana.

Nguvu iko, ila mlango umefungwa

Wengi wanafikiri tableti haifungui programu kubwa kwa sababu haina nguvu. Kwa zile za bei ya chini ni kweli. Lakini tuangalie iPad ya Apple. Mwaka 2021 Apple iliweka ndani ya iPad Pro chipu ya M1, ileile iliyokuwa imeiweka miezi michache mbele ndani ya laptop yake ya MacBook Air. Chipu ni moja, kampuni ni moja. Hata hivi, programu za Mac hazifunguki kwa iPad.

Hapa fundi hana la kueleza, mwenye kueleza ni mfanyabiashara. Kampuni inayouza tableti na laptop inapenda mtu anunue zote mbili. Tena, kwa tableti, programu zinapita kunako duka moja la kampuni, na kampuni inachukua sehemu yake katika mauzo mengi. Kwa kompyuta unaweza kuchukua programu popote, hata kwa ufunguo wa USB wa rafiki yako. Umoja wa Ulaya uliona hatari ya mlango huu mmoja: mwezi wa nne 2024 uliweka iPad chini ya sheria yake ya masoko ya kidijitali, inayolazimisha kampuni kubwa kufungua milango. Sisi tunapokea masini jinsi ilivyofungwa kwingine.

Kuna uchungu kidogo ndani ya jambo hili kwa watu wa Katanga. Batri za simu na tableti nyingi zinatumikisha kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka Kolwezi na kandokando. Madini inatoka hapa ikiwa wazi, inarudi ikiwa ndani ya chombo ambacho mwenyewe haruhusiwi kuamua kifungue nini.

Upande wa Android mambo yanaanza kusogea. Tangu mwaka 2025 Google inasema wazi kwamba inataka kuunganisha Android na mfumo wake wa laptop, ChromeOS. Kama itafanyika vizuri, tableti za kesho zitakaribia kompyuta zaidi. Lakini mtu anayenunua leo anatumika na masini ya leo.

Kazi zetu zinasimama wapi?

Tuache Ulaya na Marekani. Tuangalie kazi nne zinazofanywa kila siku katika Haut-Katanga, na tuone tableti inakwama wapi.

Ya kwanza ni forodha. Kule Kasumbalesa, kunako mpaka wetu na Zambia, magari makubwa yanangoja deklarasio. DGDA inatumikisha Sydonia World, mfumo uliotengenezwa na CNUCED, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Sydonia World imejengwa juu ya Java, teknolojia ya kompyuta ambayo tableti ya Android haina. Wakala wa forodha anaweza kupokea faktire kwa tableti, kupiga picha ya hati, kuandikiana na mwenye mali. Siku ya kuingiza deklarasio yenyewe, lazima kompyuta. Na kila saa gari linangoja, kuna mtu analipa.

Ya pili ni hesabu za kampuni. Kongo iliingia OHADA tarehe 12 mwezi wa tisa 2012, na kampuni zinapaswa kufuata SYSCOHADA. Wahasibu wengi wa hapa wamejifunza kwa Sage, ambayo wazee wa kazi wangali wanaita Saari. Ni programu ya Windows. Wasio na Sage wanajenga faili kubwa za Excel zenye makro, yaani maagizo madogo yanayofanya mahesabu yenyewe. Excel ya tableti ya Android na ya iPad inafungua faili, inaonyesha tarakimu, lakini makro za namna hii hazitembei. Mhasibu anaona hesabu yake kama mtu anayeangalia chakula nyuma ya kioo.

Tuongeze jambo dogo ambalo linakamata watu. Microsoft iliweka kanuni kwa Word na Excel za tableti: kwa skrini isiyopita inchi 10.1, mtu anaandika bila kulipa. Skrini ikipita hapo, kuandika kunaomba abonema ya kila mwezi ao kila mwaka. Kwa hiyo mtu anayechagua tableti kubwa ili atumike vizuri, ndiye anayelipishwa.

Ya tatu ni masomo. Mwanafunzi wa UNILU anayemaliza masomo ya jamii ao ya afya ya watu anakusanya majibu ya watu, kisha anayachambua kwa SPSS. SPSS inataka Windows ao Mac. Mwenzake wa Polytechnique anachora kwa AutoCAD. AutoCAD ya tableti iko, inafungua mchoro na kukubali masahihisho, lakini haina vyombo vyote vya ile ya kompyuta. Njo maana mwanafunzi mwenye tableti nzuri anaonekana bado ndani ya biro ya kuandika ya barabara ya Kasapa, analipa saa ya kompyuta ya mtu mwingine. Alidhani amenunua uhuru, na wiki ya kutoa mémoire anagundua kwamba alinunua nusu yake.

Ya ine ni kupima udongo na machimbo. Jeomètre anaenda porini na GPS, ao na masini ya kupimia. Hapa habari inageuka, kwani kuna programu ya bure inayoitwa QField, iliyotengenezwa kufuatana na QGIS, programu ya bure ya ramani. Jeomètre anatayarisha ramani yake kwa kompyuta ndani ya QGIS, anaipeleka kwa tableti ndani ya QField, anatembea nayo, anaandika alama, anarudi na kuunganisha. Hakuna aliyelazimisha QGIS nzima iingie ndani ya tableti. Watu walikaa wakajiuliza: porini mtu anahitaji nini? Kisha wakatengeneza hicho tu, na wakahakikisha kwamba faili zinaenda na kurudi bila kuharibika.

Mfano huu unatufundisha kitu. Kuna kazi ambazo tableti inakwama kwa sababu programu kamili haiko, na kuna kazi ambazo programu kamili ingekuwa mzigo. Tofauti inajulikana ukiuliza kazi yenyewe inaanzia wapi na inaishia wapi.

Pale tableti inashinda kompyuta

Si haki kusema tableti ni mchezo wa watoto. Katika majimbo yetu ya mashariki imebadilisha kazi moja kabisa: kukusanya habari kwa watu.

Mashirika mengi yanayofanya utafiti Kivu, Ituri, Tanganyika na hapa kwetu yanatumikisha KoboToolbox. Ilianzishwa na watafiti wa Harvard waliokuwa wakihoji watu walioteswa na vita, kaskazini ya Uganda na mashariki ya Kongo. Jina Kobo linatoka katika lugha ya Acholi, maana yake ni kuhamisha. Zamani karatasi elfu zilijazwa kijijini, zikapanda pikipiki, zikanyeshewa, kisha watu wengine wakakaa siku nyingi kuziandika tena ndani ya kompyuta. Sasa muulizaji anajaza kwa tableti, hata bila intaneti, na majibu yanaenda yenyewe anapopata mtandao. Laptop haiwezi kufanya hivyo ukiwa umesimama mlangoni kwa mtu, jua kichwani, mkono mmoja ukishika daftari.

Nchi za jirani zimehesabu watu wao kwa njia hiyo. Kenya ilitumikisha vyombo hivi katika sensa ya mwezi wa nane 2019. Tanzania, ambako tableti inaitwa kishikwambi, ilifanya sensa yake kuanzia tarehe 23 mwezi wa nane 2022 na kupata watu 61,741,120. Sisi sensa yetu ya mwisho ni ya mwaka 1984. Siku Kongo itahesabu tena, itakuwa ni ajabu kuona kalamu na karatasi.

Kisha kuna umeme, na hapa tableti inasema kwa sauti kubwa kuliko wote. Anayeishi Katuba ao Ruashi anajua delestaje ya SNEL bila kuelezwa. Tufanye hesabu pamoja. Paneli ya jua ya wati 50, kwa siku yenye masaa matano ya jua nzuri, inatoa wati-saa 250. Ukiondoa kinachopotea njiani, bakiza karibu 170. Batri ya tableti ya inchi 10 inabeba wati-saa 30 hivi: paneli ile inaijaza mara tano na kubakiza kidogo. Laptop yenye batri ya wati-saa 50 inajazwa mara tatu. Kompyuta ya mezani yenye skrini, ikikula wati 120, haimalizi saa moja na nusu.

Kwa biro ndogo isiyo na jenereta, tofauti hii ni kati ya kutumika na kufunga mlango saa nane za mchana. Mtu anayesema tableti si chombo cha kazi, mara nyingi ni mtu ambaye umeme wake haukatiki.

Njo maana kutaka programu kamili kwa tableti si tamaa ya bure. Kama mhasibu wa Lubumbashi angeweza kufungua Sage yake kwa chombo kinachokula umeme kidogo vile, angepata masaa mengi ya kazi kila wiki.

Wanaokataa nao wana sababu

Kuna mafundi wanaosema: acheni tableti ikae tableti. Tuwasikilize, kwani hawasemi bure.

Sababu yao ya kwanza ni kidole. Programu za kompyuta zilitengenezwa kwa kipanya. Vitufe vyake ni vidogo, orodha zake zimejificha moja ndani ya nyingine. Kwa skrini ya inchi 10 kidole kinafunika vitufe vitatu kwa mara moja. Utanunua klavie, utanunua kipanya, kisha skrini ya nje. Ukijumlisha, umefika bei ya laptop ya okazio iliyotoka Ulaya ao Dubai, na bado unaangalia kwa kukunja macho.

Ya pili ni nguvu ya kweli. Tableti nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu zina memori ya giga 3 ao 4. Ukifungua faili ya Excel yenye mistari elfu hamsini, itaganda. Hata kama kampuni zingefungua milango yote kesho asubuhi, tableti hizi hazitabeba AutoCAD nzima.

Ya tatu ni usalama. Ule mlango mmoja tuliolaumu hapo juu ndio pia unaozuia virusi vingi. Biro zetu zinajua virusi vya USB: unapeleka faili kuchapisha, unarudi na ugonjwa kwa kompyuta nzima. Tableti haishikwi kwa urahisi namna hiyo.

Ya ine, ambayo kwetu ina uzito kupita zote, ni matengenezo. Laptop ya miaka kumi inaweza kufunguliwa na kijana wa hapa mjini: anabadilisha disko, anaongeza memori, anaweka batri nyingine, anaweka Linux, na masini inaishi tena miaka mitatu. Tableti imefungwa kwa gundi. Memori haiongezwi. Kioo kikivunjika, kukibadilisha kunaweza kukaribia bei ya tableti mpya. Na mtengenezaji akiacha kuleta masasisho, baada ya muda hata programu za benki zinaikataa. Anayetegemea tableti kwa mkate wake amefunga ndoa na chombo kisichokuwa na daktari.

Sababu hizi zote ni za kweli. Lakini tazama: karibu zote zinasema kwamba tableti ya bei ya chini haitoshi kwa kazi nzito. Hakuna hata moja inayoonyesha kwamba mwenye tableti yenye nguvu, aliyelipa feza zake, anapaswa kukatazwa. Usalama unaweza kulindwa kwa kuacha mlango umefungwa siku ya kununua, na kumpa mwenyewe ufunguo akiutaka.

Njia ya katikati, na bei yake

Wengine wanapendekeza njia ya tatu. Programu kubwa ibaki kwa kompyuta moja ya biro, ao kwa seva ya mbali, na tableti iwe dirisha tu la kuiongoza. Mhasibu aliye Likasi anaifungua Sage iliyo Lubumbashi, anaona skrini yake, anaandika. Teknolojia iko, na kampuni kubwa za machimbo zinaijua vizuri.

Kwa mtu mdogo bei yake ni intaneti. Kila dakika ya kazi inakula data, na mtandao ukikatika kazi inasimama palepale. Tena kompyuta ile ya biro inapaswa kubaki inawaka, kumbe umeme umekatika kule. Umehamisha tatizo, hujalitatua. Njia hii ni nzuri kwa anayelipiwa intaneti na mwajiri, na kwa kazi za dakika chache. Si ya kutegemea siku nzima kwa megabaiti za kununua.

Njia iliyo bora zaidi iko mkononi mwa serkali. Kila mara ofisi ya umma inajenga mfumo mpya, iwe kodi, forodha, ardhi ao masomo, iuagize ufunguke ndani ya kivinjari cha kawaida, kile kinachofungua kurasa za intaneti kwa chombo chochote. Mfumo wa namna hiyo haujali kama umeshika tableti, laptop ao simu. Ofisi inayolazimisha Windows kwa raia inamlazimisha anunue masini ya aina moja mbele ya kulipa kodi yake. Hili halihitaji kungoja Apple ao Google, ni mstari mmoja ndani ya mkataba wa anayetengeneza mfumo.

Anayegawa tableti ajibu kwanza

Mashirika, miradi ya afya, mashule na kampuni zinapenda kugawa tableti. Picha inakuwa nzuri: watumishi wamesimama kwa mstari, kila mmoja na sanduku lake. Swali linalokosa kuulizwa ni moja: kazi itaishia wapi?

Muuguzi wa kituo cha afya anaingiza tarakimu za wagonjwa kwa tableti. Vema. Lakini mwisho wa mwezi raporti inaombwa kwa Word na Excel, na sahihi na muhuri juu yake. Kama hakuna kompyuta kituoni, muuguzi anapanda taksi mpaka kunako biro ya kuandika, analipa kwa mfuko wake, na habari za wagonjwa zinabaki ndani ya masini ya mtu asiyejulikana. Mradi umehesabu tableti moja. Haukuhesabu safari, malipo, wala siri ya wagonjwa.

Kenya ilifikiri vizuri kwa jambo hili, hata kama mradi wake ulipata magumu mengine. Mwaka 2013 serikali mpya iliahidi laptop kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Ahadi ilipogeuzwa kuwa kazi, kuanzia 2016, mtoto alipewa tableti, mwalimu akapewa laptop. Waliona kwamba anayejifunza na anayetayarisha somo hawafanyi kazi moja. Mtoto anagusa, anasoma, anajibu. Mwalimu anaandika, anapanga, anahesabu alama. Tanzania nayo, baada ya sensa, iliwapa walimu vishikwambi. Kwa kusoma vitabu na kufuata mafunzo vinasaidia, ila mwalimu anayetunga mtihani wa kurasa sita wenye michoro anajua mpaka wake uko wapi.

Kanuni tunayoiona ni hii: anayekusanya apewe tableti, anayetengeneza apewe kompyuta. Na kama mtumishi mmoja anafanya yote mawili, na feza ni za kitu kimoja tu, apewe laptop ndogo inayokula umeme kidogo. Si tableti yenye klavie ya kupendezesha.

Mbele ya kutoa feza

Kwa msomaji aliye na dola zake mkononi wiki hii, kuna mambo matano ya kufanya pale dukani, mbele ya kulipa.

Andika kwa karatasi programu tatu ambazo kazi yako inaziomba. Usiandike neno Excel peke yake, andika Excel yenye makro kama faili zako zinayo.

Beba faili yako nzito kuliko zote kwa ufunguo wa USB, na uombe ifunguliwe kwa tableti ile. Muuzaji akikataa, umepata jibu.

Uliza memori inayotumikisha programu ni giga ngapi, si nafasi ya kuweka picha. Kwa kazi, chini ya giga 6 usijidanganye.

Uliza ni Android ya namba gani, na masasisho yanaendelea mpaka mwaka gani.

Mwisho, jumlisha bei ya tableti, klavie, kipanya na abonema. Kisha tembea mpaka duka la pili, uulize bei ya laptop ya okazio yenye batri nzuri. Linganisha hizo mbili, si tableti peke yake na laptop mpya.

Kama kazi yako ni kuuliza watu, kupiga picha za hati, kusoma, kuandika barua na kufuata masomo, nunua tableti bila haya. Itakutumikia, hata siku za delestaje. Kama kazi yako ni hesabu za OHADA, mchoro, deklarasio za Kasumbalesa ao uchambuzi wa mémoire, ngoja, ongeza feza, na nunua kompyuta hata ya zamani. Siku kampuni zitafungua milango yao, na bei za tableti zenye nguvu zitashuka mpaka soko la Kenya, jibu litabadilika, na hapa tutalirudia.

Mpaka siku hiyo, wakubwa wanaosaini mikataba ya tableti elfu moja kwa mara moja wamuulize kwanza yule atakayeishika mkononi: mwisho wa mwezi, raporti yako unaiandika kwa nini?